Alama za Mkaa

Masumbwe, 6 Julai 2025

Dada Klara,

Ukitaka kumwona mtu aliyezaliwa na bahati, nitazame mimi. Shikamoo. Habari za Ushirombo? Blessing anasoma? Yule mbuzi mkorofi bado anakula nguo za watu?

Hapa kwenye machimbo ya dhahabu maduara yote, haya mashimo yetu, yanalia maji. Wenzangu wanachoma mafuta ya pampu kutwa. Langu mimi kavu kama kikohozi cha mzee! Futi tisini chini nakanyaga vumbi. Nimetembea Geita, Kahama, hata Kampala nimelala siku mbili, sijaona shimo kama hili.

Nasikia mahindi yamekauka, na wewe siku hizi ni mtu wa semina za tabianchi. Dada, hayo ni maneno ya watu wa viyoyozi. Ukame ulikuwepo tangu enzi za babu, na babu aliuawa na pombe, si na hewa ukaa. Mlete shemeji Benjamini nichimbe naye. Julai na Agosti ndiyo miezi yetu ya kushuka chini kabisa, maana mvua haipo.

Barua anakuletea Valerian wa lori la chumvi, kwa kuwa simu mmeiuza.

Mdogo wako tajiri mtarajiwa,
Pantaleo


Ushirombo, 20 Julai 2025

Mdogo wangu Pantaleo,

Marahaba. Sisi wazima, ila matumbo yanajua kwamba hatukuvuna.

Mwaka juzi hata mimi nilicheka. Afisa ugani alipotuambia tupande mtama, mzee Sabiti alimuuliza kama mvua imempigia simu. Nilicheka mpaka kanga ikadondoka. Mwaka huu Sabiti huyo huyo amemkimbilia afisa barabarani kuomba mbegu.

Sicheki tena. Nachora alama za mkaa nyuma ya mlango, moja kwa kila siku ya mvua. Machi nzima nina alama nne. Na ngitili yetu, zile nyasi baba alizozungushia uzio ili ng'ombe wafike nazo Oktoba, imekwisha Juni. Baba angekuwepo angeuliza nani kaiba.

Benjamini ameisoma barua yako mara tatu. Jana alishona viatu. Anakuja, simwezi. Niapie, Pantaleo: hilo duara ni kavu?

Dada yako,
Klara


Masumbwe, 3 Agosti 2025

Dada, shikamoo.

Shemeji alifika Jumanne. Anachimba kama fuko, anasali kabla ya kushuka, anakula kama watu watatu. Naapa kwa kaburi la baba: kavu!

Wenzangu nimewasimulia alama zako za mkaa. Ndaki, mshika kamba wetu, akaniambia, "Ngosha, mwambie dada'ko achore na noti, labda zitanyesha." Tumecheka mpaka chai ikamwagika. Usiogope, Mama Blessing. Tangu nizaliwe, Agosti ni vumbi tu.

Mdogo wako,
Pantaleo


Ushirombo, 14 Agosti 2025

Pantaleo,

Marahaba. Salamu ndefu sina.

Jana mvua ilinyesha. Agosti! Wala si manyunyu; iliangusha ukuta wa jiko na kumbeba yule mbuzi. Leo imerudi. Nimechora alama ya pili, mkaa ukakatika.

Wazee wamekaa barazani wakitazama mawingu. Sabiti, yule mcheshi, ameniuliza, "Mama Blessing, kesho itakuwaje?" Ananiuliza mimi! Mimi nami ninaogopa, Pantaleo. Zamani tulijua mwezi gani tuogope.

Mawingu yanaelekea kwenu. Mtoe Benjamini. Mfichie viatu, mwambie naumwa, mwambie nimekufa. Asishuke. Valerian amekubali kuondoka leo hii, asingoje Jumamosi.

Dada yako


Masumbwe, 17 Agosti 2025

Dada Klara,

Shikamoo. Nashindwa kukuuliza habari zako.

Barua yako ilifika Ijumaa asubuhi. Niliisomea mdomoni mwa duara, mvua imeshaanza. Nikapiga kelele, Ndaki akavuta kamba, wakapanda vijana wawili waliojiunga nasi baada ya shemeji kuja. Shemeji alikuwa ndani kabisa, kwenye tawi la kushoto. Nilikuwa namwita bado, maji yakaingia kama yenye nyumba.

Leo Jumapili. Pampu sita zinavuta. Wamezileta wale wale wa maduara ya maji niliowacheka, hakuna aliyewaita. Mmoja wao ameniambia, "Mwakani sishuki mwezi wowote."

Ijumaa na jana tulimsikia akigonga bomba la hewa. Mara tatu, ananyamaza, mara tatu. Nasi tukamjibu hivyo hivyo. Leo tangu saa nne hajagonga. Ndaki amelaza sikio kwenye bomba, hataki hata maji ya kunywa.

Panda lori na Valerian. Blessing mwache kwa jirani. Sitakimbia, utanikuta hapa hapa, unifanye utakavyo.

Ila nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa wengine. Duara halikuwa kavu. Lilivuja tangu siku ile nilipokuandikia. Nilikuwa nimekosa mtu wa kuchimba naye, kila mmoja aliyaona maji akaondoka. Kila alfajiri mimi na Ndaki tulishuka na ndoo kuyakausha, kabla shemeji hajaamka.

Bahati sikuwa nayo, dada. Nilidanganya.

Pantaleo