Dawa ya Alizeti

Jumanne, mwezi wa nne

Bado wanaanguka mlangoni mwa gogo lao, nyuki wangu wadogo wasiouma. Wengine wamekufa na unga wa maua miguuni, hawakuwahi hata kuuingiza ndani.

Ni Deo, mwanangu huyu. Asubuhi kaona vidudu vyeusi vimejaa kwenye maua ya alizeti, akapulizia dawa shamba zima. Tangu ushirika uliokuwa ukitugawia dawa ufe, kila mwenye duka mjini Mazwi anaziuza, na hakuna anayekuuliza unakwenda kuua nini.

"Nilidhani inzi, mama."

"Inzi gani anabeba unga wa maua, wewe? Hayo macho umewekewa pambo?"

Nilimfokea mpaka nikamwonea huruma. Asali yao ndiyo ninayomlambisha bintiye, Agata, kifua kikimbana. Hospitali sasa ni kulipia.

Jioni Deo akaja na kisu, tupasue gogo tutoe asali iliyobaki. Nikamnyang'anya. Najuaje leo wameingiza nini mle?

Agata anakohoa hapa nilipo. Nimemlaza kifuani kwangu apate joto. Kingine cha kumpa sina.