Mlango wa Wikio na Ngome ya Bure

Alhamisi, alasiri imeshaswaliwa. Asubuhi palinyesha manyunyu ya kuudhi, yale yasiyotosha kujaza birika wala kuziacha nguo zikauke. Sasa jua limetoka. Nimechoka kama niliyetwanga mchana kutwa, na kinu sijakigusa. Nimekaa tu mbele ya kompyuta siku sita, nikitafuta ngome ya bure.

Ngome ninayoisema si ile ya mjini. Ni programu, wenyewe huiita faiawoli, na kazi yake ni kukaa baina ya kompyuta yako na mtandao ikaangalia kinachoingia na kinachotoka. Wiki iliyopita sikuijua kwa sura wala kwa tabia. Leo naweza kukupa darasa, ila sikushauri uniulize, maana sitanyamaza.

Chanzo cha yote ni Bi Khadija wa Pate.

Kwa atakayewahi kuisoma shajara hii: mimi hupiga picha za arusi, upande wa wanawake tu. Kwetu Amu, yaani Lamu, siku ya kupamba na siku ya kumtoa bibi arusi nje, simu zote huachwa mlangoni, zikatiwa kapuni na mtu akaketi kulilinda kapu. Ndani, mabuibui yamevuliwa, nywele zimefunguliwa, watu wanacheza wanavyotaka. Kamera inayoingia ni yangu peke yake. Picha sizitii mtandaoni hata moja. Namkabidhi mwenyewe mkononi, na nakala hubaki kwenye kompyuta yangu hapa nyumbani, kwa kuwa mabibi arusi ni mafundi wa kupoteza vitu. Mpaka sasa nimewapiga picha kumi na tisa. Ni amana kwanza, ndipo iwe kazi.

Bi Khadija anamuoza bintiye mwezi ujao. Alinipigia simu Ijumaa iliyopita, nikadhani atauliza bei. Hakuuliza.

"Mwanangu," akaniambia, "zamani picha ni karatasi. Naitia sandukuni, ufunguo nautia shingoni. Hizi zenu za yeo mwazifungia wapi?"

Nikamwambia zimo kwenye kompyuta, na kompyuta ina nywila. Akauliza mtandao nao huingilia ndia gani. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema Alhamisi ana safari ya Amu, atapita kwangu nimwonyeshe, kisha ataamua kama nitaishika arusi yake au la.

Nilipokata simu nilijiuliza swali lile lile.

Basi Jumamosi nikaanza. Sikujua kama ngome zenyewe ni nyingi hivi, na nusu yake zinajinadi kuwa ni za bure. Nilisoma maoni ya watu wa nchi ambazo sitazikanyaga, wakigombana juu ya ipi bora, kwa hasira ambazo huku tunaziweka kwa ajili ya mpira na mirathi. Nikaipenda moja kwa rangi yake. Ndiyo, kwa rangi. Nikaipakua, nikaiweka, na kabla sijamaliza chai ilikuwa imeniletea jamaa zake watatu ambao sikuwaalika, na kila baada ya dakika chache inaniambia niko hatarini mpaka ninunue ile kubwa. Rahisi ghali. Nikaitoa, na kuitoa kukanichukua muda kuliko kuiweka.

Ya pili niliiweka Jumapili, na hii ilinivutia kweli. Hii haipigi kelele. Kila programu inapotaka kutoka au kuingia, kinatokea kidirisha: fulani anaomba kupita, ruhusu au zuia? Nikaona hii ina adabu. Inapiga hodi.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Mimi nimelelewa katika nyumba ambayo hodi haijibiwi kwa kimya. Mtu akipiga hodi, unasema karibu, kisha ndipo unauliza ni nani. Mgeni hukalishwa dakani, kwenye baraza za mlangoni, na huko ndiko anakojulikana. Kwa hivyo kila kidirisha kilipotokea, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye "ruhusu". Karibu. Karibu. Karibu wewe pia. Kufika magharibi nilikuwa nimekaribisha programu thelathini na kitu, na ngome yangu imenyamaza kwa kukosa la kuuliza. Nikajisifu kwamba mambo yametulia.

Jumatatu ndipo nilipoisoma orodha ya niliowaruhusu. Nilifanya hivyo kwa udadisi tu, nilitaka kujua ni akina nani hawa wanaoishi ndani ya kompyuta yangu. Wengi hawana neno: saa, printa, kitu cha kusahihisha tahajia. Katikati ya orodha nikakuta mstari mmoja unaosema kwamba mafaili yangu yanaruhusiwa kufunguliwa na kifaa chochote kilicho kwenye waifai ya nyumbani.

Kifaa chochote. Nikausoma mara tatu, kisha nikamkumbuka dada yangu Fatma.

Nyumba yetu ya mtaa wa Mkomani imeungana na nyumba ya pili kwa wikio, kile chumba kinachopita juu ya uchochoro, ili wanawake watembeleane bila kuteremka njiani. Fatma alikuwa akikaa ng'ambo ile. Miaka minne iliyopita tulitaka atazame picha akiwa kwake, achague nami zipi za kusafishwa. Nikaifungua folda ya picha kwenye waifai, bila nywila, tusisumbuke. Haikukubali. Tukahangaika saa nzima mpaka nikagundua kompyuta ina ngome yake yenyewe, ilikuja nayo tangu dukani, na ndiyo inayozuia. Nikaizima. Ikakubali, tukafurahi.

Kwa hiyo niliposema wiki iliyopita sikuijua ngome, nilisema uwongo bila kujua. Niliwahi kukutana nayo. Nilikutana nayo siku niliyoizima.

Fatma amehamia Mombasa na mumewe, mwaka wa pili huu. Nyumba ile sasa kaka yetu Twalib anaipangisha wageni, wa wiki moja, wa mwezi, na waifai yetu wanapewa pamoja na funguo. Siku Fatma alipotoka, Twalib aliutia mlango wa wikio komeo na kufuli, siku ile ile, kabla hata ya kapu la mwisho kufika gatini. Mwanamume hodari, hakusahau. Ila folda ilikuwa ni wikio la pili, nami niliyelijenga sikulikumbuka.

Nikachukua simu yangu. Nikajifanya mgeni: nimefika leo, nimepewa nywila ya waifai, nina nafasi, natazama kuna nini. Haikuchukua hata dakika. Jina la kompyuta yangu likatokea, chini yake folda, nikagusa. Picha ya kwanza iliyofunguka ilikuwa yangu.

Ni ya siku yangu mimi ya kupambwa. Nimekaa mkekani, nywele zimemwagika mgongoni, mama ananitia asumini na sote wawili tunacheka kwa jambo nisilolikumbuka. Mama hayupo tena, Mungu amrehemu. Ile ndiyo picha yake pekee akiwa kichwa wazi. Katika uhai wake hakuna mwanamume asiye mahramu aliyemwona hivyo, na mimi binti yake nimemwachia mlango wazi miaka miwili.

Nililia. Sina la kuficha, hapa ni shajarani.

Kuna mtu aliyeingia? Sijui. Ngome iliyozimwa haiandiki nani amepita. Pengine wageni wale walikuja kwa bahari na jua, hawakutafuta kompyuta ya jirani. Pengine mmoja alitafuta. Nimeligeuza swali hili kila upande na ninaona nitaishi nalo.

Kilichobaki kilikuwa kazi, na kwa kweli kazi ilinituliza. Niliiondoa ile ruhusa ya folda. Nikaiwasha ngome ya asili, nikaiambia kwamba waifai ya nyumbani kwangu si ya nyumbani, iihesabu kama mtandao wa mkahawa, usiomwamini yeyote. Ile ya pili, yenye hodi, nikaitoa. Si mbaya, lakini inamtaka mtu anayeweza kusema hapana mara thelathini kwa siku, na mimi bado sijawa huyo. Nimejifunza kwamba ngome ya bure inayonifaa ndiyo niliyokuwa nayo siku zote. Kinachonichekesha na kuniuma ni hicho hicho.

Lakini Alhamisi ikawa inakuja, na Bi Khadija naye. Ningeweza kumwonyesha ngome imewaka, kijani kitupu, nikanyamaza. Asingejua. Usiku wa Jumanne nilikwisha kuamua kunyamaza. Jumatano nikaamua kusema. Leo asubuhi nikarudi kunyamaza.

Alifika saa nne, buibui limelowa pindo kwa manyunyu, na mkononi mkate wa mofa wa moto aliopitia sokoni. Nikamtilia kahawa. Alikaa mbele ya kompyuta kama mtu aliyeletewa mchumba amtazame. Akasema, haya, nionyeshe. Nami nikafungua kinywa kusema la ngome, likatoka la folda. Nikamweleza yote, Fatma, wikio, wageni, miaka miwili.

Nilipomaliza aliuliza kama picha za Shufaa zilikuwemo. Shufaa ni binti wa dada yake, nilimpiga picha mwaka juzi. Nikamwambia zilikuwemo.

Akainywa kahawa yake mpaka chini.

"Mwambie wewe," akasema, "kabla hajaambiwa na mtu."

Kisha akanitaka nijaribu tena kuingia kwa simu, kama mgeni. Nikajaribu mbele yake, simu ikatafuta, ikatafuta, haikuona kitu. Akasema nijaribu tena. Akauliza wageni hukaa upande gani, nikampeleka hadi wikioni, nikajaribu nikiwa nimesimama kwenye mlango wenyewe. Hakuna kitu. Bi Khadija akalishika komeo la Twalib akalitikisa, kuona kama nalo ni la kweli.

Pale pale nikamuuliza arusi yake. Sikuweza kungoja.

"Kamera uye nayo," akasema. "Lakini picha za mwanangu zikisha, wanipa mimi zote. Kwako isisalie hata moya."

Ni haki yake. Nilikubali, na nimefurahi na nimeumia kwa pamoja, sijui kama kuna neno moja la hali hiyo. Nakala nilizokuwa nikijisifu kuziweka kwa usalama wao, hakuna aliyewahi kuniomba niziweke. Nilijiamulia mwenyewe. Hilo nalo itabidi niliulize kwa kila mmoja: nibaki nazo, au nikupe nifute?

Alipoondoka nilimpigia Shufaa. Nilikosea namba, nikaanza upya. Nilimwambia bila kupamba. Nikasikia mtoto wake nyuma akigonga kijiko. Nikangoja matusi, nilikuwa tayari kuyapokea.

"Na zako?" akauliza. "Zako zilikuwemo?"

Nikamwambia zilikuwemo. Na za mama.

"Basi tumelala mlango wazi sote, dada," akasema. Akaniambia nifute zake, kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, hiyo ngome huwashwa vipi, maana na kwao waifai ni ya mtaa mzima.

Nikamwelekeza hatua kwa hatua, naye akifuata kwenye kompyuta ya mumewe. Ya kwao pia ilikuwa imezimwa. Hakuna hata mmoja nyumbani anayekumbuka nani aliizima.

Majina kumi na nane yamebaki. Nimeyaandika kwenye karatasi, si kwenye kompyuta. Kesho ni Ijumaa, watu watakuwa majumbani baada ya sala. Nitaanza na yule ninayemwogopa zaidi.