Ngazi ya Mama Hadija

Dada Mwajuma,

Mimi mdogo wako Rashidi, nikiwa Gitega na akili zangu timamu, natangaza rasmi: nimepanda ngazi ya saruji yenye vidato tisa, na juu nimekuta mawingu tu.

Ni ya Mama Hadija, fundi cherehani wa mtaa wa Nyamugari hapa mjini, aliyenikaribisha kwake. Wameambiwa mtaa wao sasa ni wa maghorofa, asiyejenga ahame. Yeye kaanza na ngazi. Jana bwana wa mipango ya mji kaja na daftari.

"Mama, etaji, ghorofa yenyewe, iko wapi?"

"Iko njiani, shefu. Ngazi imetangulia."

"Na inaenda wapi?"

"We panda, utatuambia."

Akapanda na viatu vyake vya kung'aa, akageuka huku na huku, akaandika: imeanza. Majirani wakapiga makofi, Mama Hadija akarudi kwenye cherehani yake.

Huko Muyinga wakikuletea habari hizo dukani, we anza na ngazi. Wabusu watoto, nawakumbuka sana.

Leo nimepita ofisini kwa yule bwana kuitazama ramani ya mji ukutani. Mtaa wa Mama Hadija umepakwa rangi ya kijani. Kijani ni bustani.