Kitabu Nilichokirudisha Mfukoni

Mjukuu wangu Somoe,

Marahaba. Bibi yako hajambo, korosho zimeanza kuanguka, na mama yako yuko Lupaso kwenye msiba.

Unasema madaktari wakubwa huko hospitalini kwenu wanakucheka ukifungua mwongozo wa matibabu mbele ya mgonjwa. Unauliza kama kweli ni aibu. Mimi niliiogopa aibu hiyo.

Ilikuwa miaka ya ruksa, mwishoni mwa themanini, nikiwa tabibu kijana kwenye wodi ya watoto, hospitali moja huku Makondeni. Mama mmoja wa Chilangala alimleta bintiye Zuhura, anaharisha, miguu imevimba kwa utapiamlo. Nikatoa kitabu kipya cha mwongozo.

“He, mwanangu, mpaka usome?” akasema. “Mzee aliyekutangulia alikuwa anatazama tu.”

Wodi nzima ikacheka. Nikakirudisha mfukoni, nikamwekea Zuhura dripu ya haraka, kama tulivyozoea kwa kila mtoto anayeharisha. Lakini moyo wa mtoto mwenye utapiamlo ni dhaifu, na maji mengi kwa mara moja humzidi. Alianza kuhema kwa shida, na kabla ya jioni akafariki. Ndipo nikakifungua kitabu. Onyo lilikuwemo, tena kwa herufi nzito.

Mama Zuhura alinishika mikono yote miwili. “Asante, daktari. Umejitahidi.”

Sikumwambia. Kwa miaka mingi tulikutana sokoni, naye alinisifu mbele ya watu, nami nikanyamaza mpaka akazikwa.

Aibu ya kuchekwa, Somoe, ingekwisha siku ile ile.

Babu yako