Helpa Atabeba, Atashika, Atafagia

3 Machi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute goti limetulia na kikohozi kimehamia kwa mtu mwingine. Mimi ni mzima, ukiacha nywele za mbele zilizoungua kidogo, ambazo hata hivyo nilikuwa sizipendi.

Baba, nina jambo. Mtihani wa ufundi wa kuchomelea vyuma ni tarehe 23 Aprili, na ukinipita huu, mwingine ni baada ya miaka miwili. Fomu nimejaza. Inakosekana karatasi moja tu: barua ya mwajiri, yenye sahihi na muhuri, inayosema mimi ni fundi na kazi hiyo nimeifanya si chini ya miaka mitatu. Mimi nina minne.

Nikamwendea Bosi. Akatabasamu, akafungua faili, akanionyesha nilivyoandikwa siku ya kwanza: helpa.

"Sasa unataka niandike uongo?"

Uongo! Geti la zahanati nimelichomelea mimi. Madirisha ya shule, mimi. Miwani, yule fundi wetu, tunamwita hivyo kwa sababu miwani yake ya kazi inaishi kwenye paji la uso na haijawahi kushuka machoni. Kazi yake ni kutia sahihi kwenye kadi ya kazi nikishamaliza.

Neno lenyewe nimelitafuta kwenye kamusi ya Kiingereza ya mpangaji mwenzangu. Linasema: mtu anayesaidia. Halisemi anayesaidiwa ni nani. Basi nimeanza kuchunguza linavyotumika hapa karakana. Mteja akifurahi, helpa hatajwi. Geti likigoma kufunga, "helpa alishika vibaya." Chai ikichelewa, "helpa yuko wapi?" Na kukiwa na mshono wa kuunganisha vyuma juu darini, ule ambao cheche zinakuingia kwenye kola, "helpa, hebu panda." Kamusi ina mstari mmoja, Bosi ana kurasa.

Nifanyeje?

Bintiyo


12 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Goti halijatulia, ila tumezoeana. Mama yako anakusalimu na anauliza kama unakula.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, maana mama yako alisema naficha kitu. Sikiliza, mama. Mimi nimejenga kuta miaka ishirini na sita nikiitwa helpa, na sikwenda hata siku moja kumuuliza mtu maana yake. Kazi ilikuwepo, mkala, mkasoma. Ukibishana na mwenye faili, faili ndilo litakaloshinda.

Mwombe tena kwa upole. Mpelekee salamu zangu. Mwambie hata baba yako alikuwa helpa. Huenda akacheka, na mtu akicheka mkono unalegea.

Baba yako


24 Machi

Baba,

Shikamoo, na mama pia. Ninakula.

Salamu zako nimezifikisha. Alicheka kweli. Akasema, "Kumbe ni ukoo!" Mkono haukulegea.

Nikaomba basi nione karatasi yangu ya ajira. Imeandikwa: helpa atabeba vyuma, atamshikia fundi, atafagia karakana. Nikasema, vizuri. Tangu Jumatatu mimi ni helpa. Sijagoma, usije ukaambiwa nimegoma. Nafika kabla ya wote. Nabeba. Nashika. Karakana imefagiliwa mpaka tumegundua sakafu ina rangi.

Kuna ngazi ya chuma ya orofa tatu, ya mkandarasi mmoja mkali, inatakiwa tarehe 10 Aprili. Nimembebea Miwani vyuma, nikampangia, nikamshikia. Akaniangalia. Nikamwangalia.

"Dada, anza basi."

"Nianze nini, fundi? Mimi nimeshashika."

Ilibidi miwani ishuke. Mshono wake wa kwanza ulifanana na uji uliofurika sufuriani. Nikafagia.

Jana Bosi aliniita ofisini, akanisogezea kiti, jambo ambalo halijatokea kwa miaka minne. "Nimekufikiria sana," akasema. "Nitakuandika helpa mkuu." Nikamuuliza helpa mkuu anafanya nini. "Anafanya vilevile ulivyokuwa ukifanya." Nikamshukuru, nikarudi kwenye ufagio.

Mpangaji mwenzangu anasema nitafukuzwa. Huenda. Lakini sichomelei hata msumari mpaka niitwe ninachofanya.

Bintiyo, helpa


7 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Umetia neno hilo mwishoni mwa barua, na kwa kweli sikulipenda. Mara mbili nimeanza kukujibu kwa ukali: kazi unayo, unaichezea, utakula nini? Karatasi zote mbili nimezichana.

Halafu Jumapili nikapita kwenye ule ukuta mrefu wa hospitali. Mawe yale yote niliyapanga mimi, fundi wangu akiwa amekaa kivulini. Wameweka kibao cha shukrani. Jina lake lipo. Hata aliyeleta mchanga yupo. Nikasimama pale goti linaniuma, nikaona kwamba nilikuandikia ya woga nikayaita ya busara. Nilinyamaza ili msome. Mmesoma. Kunyamaza kwangu kumeshamaliza kazi yake.

Usikiguse hicho chuma. Wakikufukuza, njoo nyumbani, chumba cha nyuma kipo. Ila usije umeinamisha kichwa, nitakurudisha kutoka mlangoni. Mama yako anasema hata chumba cha mbele kipo.

Baba yako


21 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimefukuzwa. Usiikunje barua, endelea kusoma.

Tarehe kumi mkandarasi alikuja, akapanda vipandio vitatu vya ngazi ya Miwani. Cha nne kikaachia upande mmoja. Hakuanguka, aliwahi kushika ukuta, lakini maneno aliyoyatoa siwezi kumwandikia mzazi. Bosi akanielekezea kidole: "Ni huyu!"

Mkandarasi akaniona na ufagio wangu. "Ngazi ya orofa tatu umemwachia mfagiaji?"

"Hapana! Huyu ni fundi wangu kabisa, ana miaka minne hapa! Amekataa kazi makusudi!"

"Hayo nataka kwa maandishi," akasema mkandarasi.

Kesho yake nikapewa barua ya kufukuzwa, na mkandarasi nakala yake. Nakunukulia: "Wewe, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye umeifanya kazi hiyo katika karakana hii kwa miaka minne, umekataa kwa makusudi kutimiza wajibu wako wa kifundi." Sahihi ya Bosi. Muhuri, umegongwa mara mbili kwa hasira.

Niliisoma nimesimama. Bosi alikuwa anasubiri nilie. Nikamwomba nakala ya pili.

Nikaenda nayo moja kwa moja ofisi ya mitihani. Karani, mama mmoja mwenye sauti ya chini, akaisoma, akaigeuza nyuma, akarudi mbele.

"Binti, hii ni barua ya kukufukuza."

"Ndiyo, mama. Lakini humo mimi ni nani?"

Akafuata mstari kwa kidole. "Fundi."

"Wa miaka mingapi?"

"Minne."

"Na muhuri?"

"Mihuri ipo hata miwili." Akaisoma fomu pia. "Fomu inataka barua ya mwajiri," akasema. "Haikusema iwe ya mapenzi." Akagonga wa kwake.

Mtihani ni keshokutwa saa mbili asubuhi. Nikishindwa, nitashindwa nikiwa fundi, na miaka miwili nitangoja nikiwa fundi.

Jumamosi nakuja. Mwambie mama asihamishe kitu, chumba cha nyuma kinanitosha, mradi umeme wake uweze kubeba mashine ya kuchomelea.

Bintiyo