Kufokewa Mbele ya Kidato cha Pili

Alhamisi

Bado nasikia funguo za mkuu wa shule zikigonga meza yangu, huku akinifokea mbele ya wanafunzi. Nilichelewa, kweli, bodaboda ilikwama kwenye tope la Lufingo. Nilifungua kitabu tu. Mimi mwalimu wa kujitolea, bila neno lake siajiriwi.

Na somo lenyewe lilikuwa vitenzi vya Kiingereza vya kukaripia! Nikaeleza: “scold” ni mama kwa mtoto, “reprimand” ni bosi kwa mfanyakazi.

Tumaini akanyoosha mkono. “Madamu, sasa wewe leo umefanywa ipi?”

Darasa zima likacheka.

“Scold,” nikasema. Kicheko kikakatika.

Miaka miwili najitolea hapa, na bado nafokewa kama mtoto.

Baada ya kipindi nilimfuata mkuu ofisini. “Mkuu, nikikosea niite huku, si mbele ya wanafunzi.” Naogopa, lakini nimeshasema.