Kwa Baba Mkwe, Uliyepaka Rangi Mtihani Wetu

Mpendwa Baba mkwe,

Shikamoo. Ungekuwepo ungeitikia, ungeniuliza habari za watoto, kisha bila kusubiri jibu ungesema, "Na wale wanafunzi wako wa kukwangua kuta, wanakula vizuri?" Wanakula, Baba. Mwaka huu wamejaa darasani mpaka wengine wanaazima viti ofisi ya jirani. Kila muhula wageni wanaponiuliza shahada yetu ya uhifadhi wa majengo ya kale ilianzaje, naanza na wewe, na kila mara nacheka kabla sijafika katikati.

Unakumbuka nilivyokuja kukuomba nyumba? Chuo kilikuwa kimeturuhusu kufundisha kwa majaribio tu. Tulikuwa na ubao, projekta yenye hasira zake, na picha za makanisa ya Ulaya. Wanafunzi wangu waliweza kukueleza paa la kanisa la nchi wasiyowahi kuiona, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kushika chokaa. Ndipo nikaifikiria nyumba yako kule juu ya Kikatiti, ile ya mawe aliyoijenga baba yako, kuta nene, lipu ya chokaa ikibanduka kama ngozi ya kiazi cha kuchemsha. Wewe ulikuwa umeshaamua kuibomoa, ujenge ya matofali ya saruji yenye bati la bluu kama la mzee wa kanisa wa jirani.

"Mama Neema," uliniambia, ukinisogezea bakuli la loshoro, yale mahindi ya maziwa ya mgando, "yaani watoto wa watu wanaenda chuo kikuu kujifunza kusiriba?"

"Ndiyo, Baba."

"Na wazazi wao wanajua?"

Ulikubali kwa huruma tu. Baadaye nikasikia umewaambia majirani kwamba wale vijana wamefeli masomo mengine, ndiyo maana wameletwa kwako. Kina mama wakaanza kuwaletea ndizi na maparachichi. Zuhura, yule binti wa mjini aliyekuwa akiongoza kikundi, alipewa kuku na bibi mmoja aliyemshika mkono akimwambia asikate tamaa, Mungu ana makusudi yake.

Muhula mzima walihangaika na ukuta wako wa mbele. Kila mwanafunzi alipewa sehemu yake, akachanganya chokaa na mchanga kwa kipimo chake, akapiga kiraka, akakichunguza kinavyokauka. Ukuta ukawa na mabaka mabaka, mengine meupe, mengine ya kijivu, mengine kama maziwa yaliyoungua. Kwetu yale mabaka yalikuwa mtihani. Siku ya Jumatatu wakaguzi wa chuo walikuwa waje wayaone, kisha waamue kama shahada iendelee au ifungwe, nasi turudi kufundisha historia ya jumla.

Jumapili ile mimi nilibaki mjini, nikipasi nguo na kurudia hotuba yangu. Wewe ulitoka ibadani, ukapita dukani, ukanunua rangi ya mafuta. Ya pinki.

Nisingeisahau asubuhi ile hata kama ningetaka. Gari la wakaguzi lilipokata kona kwenye migomba, nyumba ilitutokea yote kwa pamoja, inang'aa kama keki ya harusi. Dereva alipunguza mwendo mwenyewe. Na wewe ulikuwa umesimama mlangoni na koti lako la Krismasi, brashi ikiwa bado mkononi, unatabasamu.

"Karibuni sana," ulisema. "Nimewasitiri."

Zuhura alikaa chini kwenye nyasi. Mwenyekiti wa wakaguzi, mama mmoja profesa, wa wale watu wasiopenda mchezo, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwalimu," aliniuliza, "mtihani uko wapi?"

"Uko chini ya hiyo pinki, Profesa."

Akakugeukia wewe. "Mzee wangu, kwa nini umefanya hivi?"

Hapo ndipo ulipojibu lile jibu lililonifanya nishindwe kukukasirikia. Ulisema, "Huyu ni mke wa mwanangu. Nimeona ukuta una mabaka, na wageni wake wakubwa wanakuja. Mngemdharau. Mngesema hana kazi anayojua."

Profesa alifikiri kidogo, kisha akawaambia wanafunzi kwamba mtihani umebadilika. Rangi ile itatoka tu kama mwenye nyumba ataridhia, na wao ndio wamshawishi, mbele yake, bila mimi kufungua mdomo.

Wakajaribu, masikini. Mmoja alikueleza kemia, ukamwambia amekonda, ale. Mwingine alikwambia jengo lako ni urithi wa taifa, ukamuuliza basi taifa lilikuwa wapi bati lilipovuja. Mwishowe Zuhura akainuka kwenye nyasi, akaingia ndani, akatoka na lile koti lako la mvua la plastiki.

"Babu, naomba uvae hili ukae juani."

"Kwa nini?"

"Ukuta wa chokaa unapumua. Unyevu unaingia na kutoka. Rangi ya mafuta ni kama hili koti. Kama koti halina shida, nasi tutaiacha rangi yako."

Ungeweza kukataa. Lakini wewe, Baba, hujawahi kukataa ubishi. Ulilivaa juu ya lile la Krismasi, ukafunga vifungo mpaka kidevuni, ukakaa kwenye kiti katikati ya uwanja. Jua lilikuwa limeshashinda ukungu wa Meru. Wakaguzi wakaletewa chai. Ulikuwa unawaangalia wakinywa, jasho linakutiririka puani, nawe unasema, "Kuna kaupepo kazuri." Profesa alikuwa amejiziba uso kwa leso, mabega yanamtikisika.

Hatimaye ukafungua kifungo kimoja. "Haya, itoeni. Lakini si kwa sababu ya joto. Ni kwa sababu binti ameomba kwa adabu."

Kuikwangua pinki ile kulichukua muda mrefu kuliko muhula wenyewe, na viraka vingine havikupona. Lakini shahada ilipita. Na wakaguzi wakaagiza tuongeze somo la kuzungumza na mwenye nyumba, somo ambalo mpaka unafariki ulikuwa ukidai wewe ndiye mhadhiri wake na chuo hakijakutendea haki.

Nimekukumbuka sana wiki hii, Baba. Zuhura sasa anasimamia ukarabati wa nyumba nyingine ya zamani, upande wa Oldonyo Sambu. Alinipigia simu akiwa analia. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, amezibomoa fremu za madirisha ya mbao na kuweka aluminiamu, bila kumwambia mtu.

"Mwalimu, nimwambie nini?"

Nilikuwa na jibu la kitaalamu mdomoni. Nikajisikia nikimwambia, "Usimwambie kitu. Kaa naye, kunywa chai yake, kisha muulize alikuwa anamsitiri nani."

Zuhura akacheka, huku bado analia.

Pumzika, Baba. Wanafunzi wanakusalimu, hata wale ambao hawakukuona.

Mkweo anayekupenda,
Mama Neema